Moshi Uliobaki Kiganjani

Iddi, rafiki yangu,

Nimekipata. Kile ulichokuwa unakisema kila Jumamosi, mimi nikidhani unanizuga tu, nimekipata leo hapa barazani, kwenye kiganja changu mwenyewe. Nikageuka kukwambia. Kiti chako kitupu, na mbuzi wa jirani amesimama pembeni yake ananitazama. Ndipo nikaingia ndani kutafuta karatasi.

Huku Mpwapwa hakuna jipya kubwa. Mvua zimeanza. Mkeo Zuhura amerudi Busi kwa ndugu zako, na duka lako la asali amepanga kijana anayeuza makava ya simu. Ni kijana mzuri, ananiamkia vizuri, lakini kila nikipita pale pua yangu inatarajia harufu ya nta, inakuta plastiki. Siku hizi nazungukia njia ya sokoni.

Unaikumbuka chupa ya kwanza? Binti yangu Neema, yule muuguzi aliyeko Uskoti, alikuja likizo akaniachia. Nikaifungua peke yangu, nikamimina kwenye glasi ya chai, nikapiga funda kubwa la kiume. Iddi, mimi nimefundisha uogeshaji wa ng'ombe karibu maisha yangu yote ya kazi. Najua dawa ya josho inanukaje, najua hata inavyokereketa kooni ikikurukia. Niliamini kabisa kuwa mtoto ametapeliwa dukani. Nikampigia simu kwa upole, nisimuumize moyo, nikamwambia wamekuuzia iliyoharibika. Alicheka mpaka nikamkatia.

Baadaye akanieleza vizuri. Ni wiski ya shayiri tupu, ya kiwanda kimoja, haijachanganywa na nyingine. Kule kwao huchimba udongo mweusi wa kwenye vinamasi, wakauanika, wakauchoma, na moshi wake ndio unaokausha ile shayiri. Nikaona hawa watu wana muda wa kuchezea. Nikaifungia kabatini pamoja na dawa za minyoo ya mbuzi.

Ni wewe uliyeitoa huko. Ulikuja baada ya alasiri, nikakusimulia ili ucheke. Hukucheka. Ulisema niilete uinuse. Pombe hukuwahi kuionja na mimi sikuwahi kukushawishi, ila kunusa ndiko kulikokulisha. Asali uliinunua kwa pua: tone kiganjani, unalisugua mpaka lipate joto, kisha unafumba macho. Warina asali wote wa Kondoa walikuogopa. Aliyeogopa nyuki akawasha moto mkubwa mzingani ulimjua kabla hajamaliza kufungua ndoo. "Hii ina moshi, ndugu yangu. Rudi nayo."

Kwenye kiganja chako hukutaka, kwa sababu ya swala. "Paka mkononi mwako, Mwalimu. Sugua. Sasa lete." Ukakishika kiganja changu kwa mikono miwili, ukakiinamia, mzee mzima na kofia yako. Mama Sara wa nyumba ya pili alipita wakati huohuo, akatusalimia kwa sauti ya mashaka. Nadhani mpaka leo anaamini ulikuwa unanipigia ramli.

"Ingekuwa asali ningeikataa," ulisema. "Lakini hii haijaharibika. Huu moshi umetiwa kwa makusudi. Kuna mtu alikaa akaupima."

Basi ikawa ndiyo Jumamosi yetu. Wewe na chai yako ya tangawizi, mimi na kiganja changu kilicholowa. Kunywa sikunywa mbele yako. Hukunikataza, mimi mwenyewe niliona haya. Glasi ilikaa mezani na kisahani juu yake mpaka adhana ya Magharibi. Hapo ulisimama, ukakung'uta kanzu, ukasema, "Haya, Mwalimu, mimi naenda. Wewe sasa kunywa." Nikakusubiri ukate kona ya kwa fundi baiskeli, ndipo nikanywa. Nimekaa nawe miaka yote ile na hakuna hata funda moja nililolinywa ukiwepo.

Lakini kila nilichokipata ndani ya glasi ile ulinionyesha wewe kwanza. Ulikuwa mkali, lazima niseme. Nikisema "moshi", unaniuliza, moshi wa nini? Moshi si jibu. Siku moja nikasema bila kufikiri, kibuyu cha mama. Mama alikuwa akikifukiza kwa kijinga cha moto kabla ya kugandisha maziwa, na mimi ndimi niliyekuwa nalamba mdomo wa kibuyu. Sikuwa nimemkumbuka mama hivyo tangu tulipomzika. Wewe ukawa unakoroga chai isiyohitaji kukorogwa. Jioni ile nilipokunywa haikuwa tena josho. Nilianza kuipenda hapo, Iddi, nikaanza kuona Jumamosi inachelewa.

Kisha ukanionyesha chumvi, ile inayobaki kwenye midomo. Kisha ukasema kuna asali huko nyuma, imejificha, weka tone la maji na usubiri. Niliitafuta wiki nyingi. Nilipoipata nilipiga meza mpaka chai yako ikamwagika.

Kilichobaki kikawa kimoja. "Nyuma ya asali kuna kwetu," ulisema. "Busi. Shamba la mlimani, mabua yakishachomwa, mvua ya kwanza ikaanguka juu ya jivu." Nikanusa, nikaambulia moshi. Nikakwambia una hamu na kwenu, panda basi uende. Ukasema, "Utakipata." Kila Jumamosi ulirudia neno hilo, na kila Jumamosi nilikujibu kuwa ni uzee.

Halafu Zuhura akanipigia simu alfajiri, na kwa jinsi alivyoita "Shemeji" nikajua.

Siku tunakuzika Busi kulikuwa kukavu. Nilipofikiwa na zamu nikachota udongo kwa mkono huu unaoujua, nikautupa kaburini. Ulikuwa vumbi tupu. Niliuleta mkono puani bila mtu kuona, kwa mazoea tu, haukunuka kitu.

Jumamosi iliyofuata nilikaa barazani, nikajiuliza nasubiri nini. Jua lilikuwa bado la saa nane. Nikamimina, nikanywa. Josho. Nikaongeza maji, josho. Nikasugua kiganja, nikanusa mpaka pua ikauma, hakuna kibuyu, hakuna asali, hakuna mama. Wiki nyingine ikawa hivyohivyo, na nyingine, nami naanza mapema zaidi kila mara, kama mtu anayegonga nyumba iliyohamwa. Niliogopa, Iddi. Nilifikiri pua ilikuwa yako tu, mimi nilikuwa naazima, na sasa umeondoka nayo.

Wenzangu wa kanisani walikuja kunisalimia, wakanishauri nijishughulishe. Neema naye kwenye simu anasema nihamie Dodoma mjini kwa kaka yake, kule kuna watu. Watoto hawa wanadhani upweke ni uhaba wa watu. Hapa napita sokoni nasalimiwa na watu mpaka mdomo unachoka. Namtaka mtu mmoja, na yuko Busi.

Juma hili Zuhura akaniita nije kwenye kisomo chako. Nikapanda basi la Kondoa, kisha bodaboda iliyonitikisa mifupa yote. Kaburi lako ni zuri, wamelizungushia mawe. Baada ya kisomo Zuhura akanipeleka kuona shamba la mlimani, wameshachoma mabua, anataka nduguzo walime mapema. Tukiwa ukingoni mvua ikaanza. Haikuwa kubwa. Matone yakaangukia jivu, yakatoa vumbi dogodogo jeusi, na harufu ikapanda kutoka chini.

Nikashika mti. Zuhura akaniuliza, "Shemeji, unaumwa?" Nikamjibu moshi umeniingia machoni. Moto wenyewe ulikuwa umezimika siku nyingi, na yeye alijua, lakini ni mke wako, akaniacha.

Leo ndiyo Jumamosi yenyewe. Nimetoka baada ya alasiri. Nimetoa viti viwili, usinicheke. Nimemimina, nimefunika kwa kisahani, nimeweka tone kiganjani nikasugua taratibu mpaka likapata joto. Kikaja kibuyu cha mama. Ikaja chumvi. Nikasubiri, ikaja asali. Nikasubiri tena, nimefumba macho, na nyuma ya asali, chini kabisa, jivu limenyeshewa. Lilikuwepo muda wote. Si uzee, Iddi. Umenishinda, na hupo nikubali mbele yako.

Chupa hii sitaileta kaburini kwako. Mipaka yako niliiheshimu ukiwa hai, nitaiheshimu. Nikija Busi nitakuja na mikono iliyooshwa na kopo la asali kwa Zuhura, isiyo na moshi, nimeshajifunza kuichagua. Lakini nakuahidi hili: sitakunywa tena mchana, wala sitatia mdomoni kabla ya adhana. Kila Jumamosi kiti chako kitatoka nje. Nitanusa kwanza mpaka nifike kwenu, hata kama itanichukua jioni nzima.

Glasi iko mezani, sijaigusa. Mbuzi wa jirani amechoka kunisubiri, ameondoka. Kule msikitini nasikia kipaza sauti kinakoroma, ni yule muadhini wako mwenye mafua yasiyopona.

Ndiyo hiyo imeanza. Haya, Iddi, nenda. Mimi sasa nakunywa.

Mwalimu