Isale la Mpakani

Jumatatu, 2 Mei 1955

Nimefanya mazoezi ya kurusha nyundo kabla ya kwenda kazini msituni Olmotonyi. Umande mwingi, kisigino kinateleza. Tufe la chuma, waya, mshikio. Unazunguka, unaachia. Bwana Msitu, Mzungu aliyenifundisha, anasema kwenye michezo ya Siku ya Malkia pale mjini nitawashinda polisi wote. Majirani wanauita mchezo huu wazimu. Waseme. Mimi naupenda.

Jumatano, 4 Mei

Waya umekatika. Tufe likaruka ua wa masale, ile mimea ya mpakani, likaingia kwenye kahawa ya jirani yangu, Mzee Mbise. Likagonga mgomba, kisha ubavu wa mkewe. Mama Eliakimu alikuwa anakata majani ya ng'ombe tu. Alitema damu. Tumembeba kwa machela hadi hospitali ya misheni.

 

Alhamisi, 5 Mei

Hajafa. Hajasema neno. Mbwa akibweka nadhani ni askari. Naogopa kitanzi. Macho ya Mzee Mbise nayaogopa zaidi, maana nimekula kwake tangu utotoni.

Bwana Msitu kaleta waya mpya. Eti ajali ni ajali, nisiache mazoezi. Nimeuacha mlangoni.

Ijumaa, 6 Mei

Nimefanya upumbavu. Kwetu ukimpelekea isale uliyemkosea kuomba msamaha, hawezi kukufukuza. Alfajiri nikang'oa moja, mbio hadi kwake. Mzee Mbise akatazama mizizi, ina udongo mbichi. Ndipo nikajua nimeng'oa wapi. Mpakani. Mpaka wetu sisi wawili.

"Mke wangu umemlaza hospitali," akasema taratibu. "Sasa na shamba unalitaka?"

Akafunga mlango. Heri angenipiga.

Jumamosi, 7 Mei

Mke wangu anasema nikalirudishe isale. Nani aonekane anachimba mpakani wakati huu? Watasema nahamisha mpaka. Nikiacha, pengo lenyewe linasema hivyo hivyo. Isale liko kwenye ndoo ya maji. Kila nikiingia nalikuta.

Jumapili, 8 Mei

Kanisani kwenye benchi letu tulikaa mimi na mke wangu tu. Mchungaji alimwombea Mama Eliakimu. Mimi hakunitaja. Wanasema homa imempanda, hatambui hata sauti ya mumewe. Mungu, usimchukue. Chukua hii mikono.

Jumatano, 11 Mei

Homa bado. Sina la kuandika.

Jumanne, 17 Mei

Homa imeshuka. Ameomba uji, kisha akalalamika hauna chumvi. Nimejificha kwenye migomba nikalia.

Jumatatu, 23 Mei

Nimemrudishia Bwana Msitu nyundo yake. Alikasirika. Akasema nina kipaji. Labda. Nikishika tu mshikio, nasikia ule mlio wa waya ukikatika.

Alhamisi, 9 Juni

Leo ndiyo michezo mjini. Sikwenda.

Mama Eliakimu amerudi nyumbani. Jioni akaja mpakani na fimbo, mumewe nyuma yake. Nikasema shikamoo.

"Marahaba. Lete lile isale."

Nikalitoa ndooni. Limeshatoa vimizizi vyeupe. Akaonyesha kwa fimbo pa kupanda. Si kwenye shimo la zamani. Hatua moja ndani ya shamba langu, penye kahawa yangu nzuri, ambayo sasa itakuwa upande wao. Nikamtazama Mzee Mbise. Alikuwa anatazama mlima.

"Hapo, mwanangu," mama akasema.

Nimepanda hapo. Nikashindilia udongo kwa mikono. Mzee Mbise akaondoka. Nilidhani ndiyo basi. Akarudi na kibuyu cha maji, akalimwagilia mwenyewe.