Nekesa wa Kinamasini

Jumatatu, 4 Agosti
Uji wa Mama umepoa tena mezani. Tangu nimtoe kijijini Naitiri aje akae nami hapa Kitale, kila asubuhi ni hivi. Anasimama mlangoni, anaita, "Nekesa!" Naitika nikiwa nyuma yake. Hageuki.

Jumatano, 6 Agosti
Ameomba nimpeleke kwenye ardhi inayotikisika. Nilidhani ni uzee. Lakini jirani aliyezaliwa Kachibora anasema pako kweli. Kinamasi. Siku hizi ni hifadhi, watu wanaenda kutazama nzohe, yule swala wa majini. Mama anasema yeye na Baba waliishi kando yake kabla sijazaliwa. Hajawahi kuniambia. Nimeudhika. Na ninaogopa, sijui ninaogopa nini.

Jumamosi, 9 Agosti
Tumeenda. Njia ni mbao zilizoinuliwa juu ya matope. Mawe meusi, makubwa, yamekaa katikati ya matete kama ng'ombe waliolala. Askari wa hifadhi anasema Mlima Elgon uliyatema kabla ya watu kuwako. Akakanyaga ukingoni kwa nguvu. Mti uliokuwa mbali ukayumba.

"Msitoke kwa mbao," akasema. "Hapo si ardhi. Ni majani tu imeelea juu ya maji."

Mama alikuwa ameshavua viatu.

Nilimshika leso akiwa amezama hadi magotini. Sikujua bado ana nguvu zile. Alikuwa akilitazama jiwe moja.

"Nekesa!"

"Niko hapa, Mama."

"Si wewe. Naita ule mwingine."

Ndege walikuwa kimya. Upepo haukuwapo. Matete karibu na lile jiwe yakatikisika, yakatulia. Nimeyaona kwa macho yangu. Tukamvuta, mimi na askari. Yule askari alitusindikiza hadi langoni bila kutazama nyuma hata mara moja.

Jumapili, 10 Agosti
Sikuenda kanisani. Mama amesema yote, kwa sauti kavu, akichambua maharagwe. Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana. Alifuata ndama, akakanyaga pale palipo kijani. Hawakupata hata nguo. Baba akahama na Mama hadi Naitiri, akakataza mtoto asitajwe. Nilipozaliwa mimi, Mama akanipa jina lile lile, apate kuliita bila kugombezwa.

Miaka yote hii.

Nimekasirika. Namhurumia pia. Sijamwambia lolote kati ya hayo mawili.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimeshindwa kufanya kazi. Naona kijani tu.

Alhamisi, 14 Agosti
Mama haendi mlangoni tena. Anaota jua, anasinzia. Uso wake umelegea, kama wa mtu aliyetua mzigo.

Leo sokoni mwanamke ameita "Nekesa!" nyuma yangu. Sikugeuka. Nilisubiri kwanza, nione kama kuna mwingine atakayeitika.