Kulabu ya Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Kama mkono unaolifungua daftari hili si wangu, nakuomba ulirudishe ulipolikuta, na ya humu usimwambie mtu. Si mwenzako wa nyumbani, si rafiki, na zaidi ya wote si Mratibu. Mimi ni karani wa miezi kumi, bado niko kwenye majaribio. Barua ya kuthibitishwa kazini inatoka Mei. Likivuja neno moja, unga wangu umemwagika.

Basi. Mratibu wa idara ya filamu – kimoyomoyo namwita Skafu, maana havui skafu hata jua likiwa la utosi – ameamua kwamba Siku ya Wazazi, Jumamosi ya tarehe 15, mzazi mmoja atapanda jukwaani aeleze mwanawe anavyosoma shahada ya filamu. Wazazi watakuja dirishani kwangu, watanisimulia, nitaandika, yeye atachagua. Anataka maneno ya kutoka moyoni, yasizidi ukurasa mmoja.

Leo wawili. Wa kwanza mama mmoja, mwalimu wa hesabu. Mwanawe amepaka sebule yao rangi nyeusi, kuta na dari, kwa ajili ya filamu ya dakika tatu. Huu ni mwezi wa saba wanakula kwa kupapasa. "Lakini ana kipaji," alisema, akitazama kucha zake. Nikaandika: ana kipaji.

Wa pili bibi aliyemlea mjukuu wake. Bibi huyo ameshauawa mara tatu. Mara ya kwanza sumu, mara ya pili ngazi, mara ya tatu hakuelewa amekufa kwa nini, aliambiwa tu alale na asipepese macho. Aliuliza kama chuo kinaweza kumwomba mjukuu atunge hadithi ambayo mzee anafika nayo mwisho. Nikamwambia nitafikisha. Sitafikisha.

Jumatano, 5 Machi

Wazazi watatu, filamu moja. Daktari wa mifugo anasema mwanawe ndiye mwongozaji. Mama muuza vitambaa anasema bintiye ndiye mwongozaji. Halafu baba mmoja mwenye simu mbili, naye wake ndiye mwongozaji, tena wa kwanza katika ukoo. Fomu za kazi ninazo mimi. Mmoja alishika taa. Mmoja alibeba nyaya. Wa tatu siku hiyo alikuwa na ruhusa ya kwenda kung'oa jino.

Nilimsimulia Mama Faili, mkubwa wa masijala, anayekaa meza ya nyuma yangu. Hakuinua hata kichwa. "Na aliyeongoza kweli," alisema, "kwao wanajua anasoma sheria."

Watu wazima na akili zao. Wanameza chochote, mradi kimesemwa na mtoto wao.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Saa tano alikuja baba mmoja, fundi bodi, ana gereji ya kunyoosha magari yaliyobondeka. Tangazo letu kalisikia redioni. Vidole kama vipini vya nyundo. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, akaanza kabla sijashika kalamu. Bintiye yuko mwaka wa pili, alisema. Filamu yake ya mwaka wa kwanza aliigiza yeye mwenyewe, baba mtu. Maiti.

"Saa nne nzima nimelala chini ya gari, mwanangu. Sisimizi wamenipanda mpaka wamenizoea. Yeye anasema, Baba, usipumue. Nami ni mtu wa pumu."

Nikacheka. Nikaandika.

Akanionyesha kwenye simu picha ambazo binti humtumia. Binti kashika kamera, nyuma yake kitambaa cheupe, mbele kigoda. "Studio yenu hiyo," alisema. Si studio yetu. Kwenye kioo cha mlango, herufi zikiwa kinyumenyume, imeandikwa PICHA ZA PASIPOTI DAKIKA TANO. Ni kile chumba kilicho karibu na ofisi ya ardhi, nakipita kila siku. Nikaomba jina la binti nilitafute kwenye kompyuta. Alifutwa Septemba. Hakuwasilisha filamu ya mwisho wa mwaka.

Nikamtazama yule baba kwa ile huruma ya bei rahisi tunayowapa wajinga. Mwingine aliyedanganywa, nikasema moyoni. Na huyu ndiye kapigwa chenga kuliko wote.

Halafu akasema, "Siku ya kuwasilisha nilimleta mwenyewe. Juni, mchana wa mwisho. Kiflashi chake chenye filamu nilikitia kwenye pete ya ufunguo na kipande cha bati jekundu la bodi ya gari, kisipotee. Tulikuta dirisha liko wazi. Alikuwapo binti wenu mmoja, nywele kazisuka mpaka kiunoni, anatafuna karanga. Akakipokea. Tukaomba risiti, akasema kitabu kimefungiwa na mkubwa kaenda kula, tuje kesho. Kesho yake mimi nilikuwa na gari la mtu, naye akaamini kimefika."

Nilinyoa nywele mwezi wa nane. Baba wa watu hakunitambua. Alinishukuru kwa kumsikiliza, akaniita mwanangu tena, akaenda zake.

Ubao wa funguo za studio uko ukutani nyuma ya kiti changu. Kulabu ishirini na nne. Niligeuka. Kwenye ya kumi na tisa, chini ya kikaratasi kilichoandikwa HAUJULIKANI kwa mwandiko wangu mimi, kinaning'inia kipande cha bati jekundu. Miezi tisa. Nilikitundika huko kwa sababu kilikuwa na pete.

Ijumaa, 7 Machi

Sijala. Nilimwambia Mama Faili ni tumbo.

Nakumbuka Septemba. Binti aling'ang'ania kwamba aliwasilisha. Kamati ya idara ikataka risiti, hana. Nikaitwa: ulipokea? Nikasema sikumbuki. Skafu akaandika, "Karani hakupokea." Nilimwona akiandika. Nikasaini.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeitazama ile filamu saa ya chakula, nimeziba kioo cha dirisha kwa faili. Dakika kumi na moja. Tarehe ya faili ni ya Juni, siku mbili kabla ya mwisho wa kuwasilisha.

Si nzuri. Niwe mkweli, humu hakuna wa kumpaka mafuta. Sauti imejaa upepo, maiti inakohoa, na dakika nne nzima ni mikono ya fundi ikinyoosha bampa bila sababu ya kueleweka. Ingepata C. Lakini C ni kufaulu.

Mchana Skafu akachagua. Fundi bodi ndiye msemaji wa Jumamosi. Mama Faili, mpangaji wa viti, akafungua rejista yake. "Binti ya huyu hayumo," akasema.

Skafu akasoma ukurasa wangu mara ya pili, ule wa sisimizi. "Baba mzuri namna hii?" akasema. "Mwacheni azungumze. Nani atafungua rejista siku ya sherehe?"

"Na binti yake akitafutwa apande na baba yake?" Mama Faili akauliza.

"Tutasema yuko kazini, anapiga picha." Akarekebisha skafu yake. Msomi mzima, anasikitika tu kwamba baba hawezi kuja na ovaroli.

Jumanne, 11 Machi

Nilikwenda. Saa saba mchana, chumba cha picha za pasipoti. Nilipanga kusema neno moja tu: ninayo.

Alikuwa peke yake. Akanikalisha kwenye kigoda. "Inua kidevu, dada. Usicheke." Sikuwa nacheka. Akapiga, akatazama, akashusha kamera.

"Wewe ni wa dirishani," akasema. "Ulikuwa na nywele."

Nikasema ndiyo.

Alikata picha zangu kwa mkasi, polepole, pembe kwa pembe. Hakutukana. Afadhali angetukana. Aliuliza jambo moja tu: "Baba yangu hajafika huko kwenu, sivyo? Nimemwambia mwaka huu hakuna mambo ya wazazi. Nataka nirudie mtihani wa kuingia, nianze upya, halafu ndiyo nimwambie. Akijua sasa atasema ni ile pete yake iliyoniponza. Namjua. Atajilaumu mpaka afe."

Nikasema, "Hajafika."

Nikachukua picha zangu nne, nikatoka. Sura ya mtu mwenye adabu, imara, anayeaminika. Pasipoti ningepewa bila swali. Wiki nzima nawacheka wazazi kwa kudanganywa na watoto wao, na mimi nimemdanganya mtoto wa mtu uso kwa uso bila hata kumeza mate.

Alhamisi, 13 Machi

Nilijikaza nikaingia kwa Skafu. Sikusema yote. Nilisema tuseme mtu amekuta kazi ya mwanafunzi, ya zamani, iliyopokelewa kwa wakati lakini haikuandikwa.

Hakuuliza ya nani. Alifunga mlango kwa mguu. Akasema mambo ya kamati yakishafungwa yamefungwa. Akasema kazi isiyo na risiti ni kama mtoto asiye na cheti. Akasema barua yangu ya Mei iko mezani kwake, kaiona juzijuzi tu, imeandikwa vizuri. Akasema niangalie kama vipaza sauti vya Jumamosi vimejaribiwa.

Nikasema nitaangalia. Na nikaenda kuviangalia, mimi huyo. Moja mbili, moja mbili.

Niliporudi, Mama Faili alikuwa amesimama mbele ya ubao wa funguo. "Kumi na tisa ipo wazi," akasema.

"Ndiyo."

"Siulizi." Akakaa. Halafu, kama anayezisoma karatasi zake, akasema: bodi ya mitihani hupokea maelezo ya maandishi ya mtumishi yeyote, bila kupitia kwa Mratibu, na sanduku lao liko ghorofa ya pili. Kisha akaniagiza chai.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi fundi alipiga simu ya ofisini. Anauliza akae upande gani wa jukwaa, na kama ni lazima tai. Kesho hafungui gereji. Kawaambia mafundi wote waje, watano, kawapangia hadi mashati. Hajamwambia binti, anataka iwe mshangao. "Nitaanza na ile ya sisimizi," akasema. "Watacheka, au siyo, mwanangu?"

Nikasema watacheka.

Saa nane nilitumbukiza maelezo yangu kwenye sanduku la bodi. Kurasa mbili: tarehe, kulabu, karanga, kila kitu. Niliandika kwamba Septemba nilisaini neno ambalo si langu. Nakala nimebaki nayo. Flashi pia ninayo, sikuitumbukiza. Mambo ya kupoteza nimeshayafanya, hii naikabidhi mkononi.

Sasa ni saa kumi na robo. Nimekaa kwenye benchi la ofisi ya ardhi, mkabala na chumba cha picha. Ndani kuna wateja watatu, namwona akiwainua videvu mmoja mmoja. Anafunga saa kumi na moja. Nikishindwa kusema, nitampa karatasi. Nimeiandika mara nne. Hii ndiyo ya mwisho:

"Dada, nilikudanganya. Baba yako alifika. Kesho saa nne kamili atapanda jukwaani kuzungumza juu yako mbele ya watu wote, na hajui kitu. Filamu yako haikupotea, iko kwangu, na bodi nimeshaiandikia. Kosa si la pete. Ni langu. Mwambie hivyo kabla hajapanda, au nipe ruhusa nimwambie mimi. Usipige simu ya ofisini, anaweza kuipokea Mratibu. Namba yangu mwenyewe iko nyuma ya karatasi hii, haitazimwa. Ukija, usipite geti kubwa, wanakagua kadi za wageni. Pita mlango wa maktaba, geuka kushoto, dirisha la pili. Nitakuwa hapo tangu saa moja asubuhi. Pazia likiwa limeshushwa, gonga kioo. Usiniite karani. Jina langu ni –"

Mteja wa mwisho anatoka; jina nitalitaja mwenyewe nikivuka.