Mzee Karangwa Kwenye Televisheni

Gaju! Weka chini hiyo kazi usome!

Swafiya, fundi wetu wa Gisimenti, aliunganisha dekoda, deki na kamera ya getini inayowaka mtu akisimama mbele yake, vyote kwenye televisheni moja ya kwao, kwa kasanduku kanakohamia kenyewe kwenye kifaa kilichowaka mwisho.

Leo Hirwa kaleta wazee kwao kumposa Swafiya. Mjomba wa Hirwa, mzee Karangwa, akakunja uso: "Hapana. Kwanza niulize ukoo." Akatoka kupiga simu.

Akasimama getini! Mbele ya kamera!

Mpira tuliokuwa tukitazama ukakatika, mzee akajaa kioo kizima, sauti juu: "Mke wangu, huyu msichana nimeshamkubali zamani! Nawazungusha tu, kuna sahani ya pili ya pilau inakuja."

Inakuja, Gaju! INAKUJA! Baba yake Swafiya chai ikamtoka puani.

Swafiya akarudisha mpira haraka.

Mzee akaingia, uso kama wa mazishini: "Ukoo bado unasita."

Swafiya akapiga goti, akampakulia pilau mpaka ukingoni. "Kula, mjomba. Wasite taratibu."

Mzee akatutazama tunavyotetemeka kwa kicheko, akaitazama televisheni, akashika kijiko.

"Wamekubali," akasema.