Mpini wa Mwisho wa Baba

Kaka,

Huku tupo. Mbuzi amezaa mapacha, na mama ameanza kula kidogo. Unauliza baba alitutokaje.

Macho yalikuwa yamemwishia nguvu, lakini kuchonga mipini hakuacha. Huu wa mwisho alinipa niukague. Niliona nyuzi za mti zimekatiza upande badala ya kufuata urefu, na mpini wa hivyo haustahimili pigo. Lakini alikuwa anatabasamu, kaka. Nikamwambia, "Safi kabisa, baba."

Akautia kwenye shoka lake mwenyewe, akaenda kupasua kuni. Pigo la tatu ukavunjika, shoka likamrukia pajani. Damu ilitushinda kuizuia.

Mama analaumu macho ya baba. Sijamwambia kwamba yangu yalikuwa yanaona.

Mdogo wako uliyemwachia mzee