Majamvi ya Ukutani

Kibaha, 3 Machi 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Masikio yanaendeleaje, ile dawa imesaidia au ndiyo bado? Mimi sijambo, kazi tu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii, na nimechoka kupiga kelele ofisini mpaka askari wa getini anachungulia. Barua atakuletea Faraji, yule wa fuso la mihogo.

Mama, nyumba imekwisha! Mwaka mzima nimelala kwenye vumbi la saruji, sasa njoo uone. Sikutaka marumaru za kung'aa wala makochi ya dhahabu kama ya kila mtu. Nimepamba kiasili, ila kisasa. Kuta rangi ya udongo, dari ya mianzi, meza ni gogo la mkorosho lililopigwa msasa, na mimea kila kona. Ukiingia ni kama upo shamba, mbu tu ndio hawapo. Zimebaki kuta za sebuleni. Naomba unisukie mikeka minne mikubwa ya miyaa, isiyotiwa rangi kabisa, niitundike.

Halafu chumba chako kipo tayari. Tangu Mudathir aniache nakula nimesimama jikoni, maana kukaa mezani peke yangu nimeshindwa. Njoo ukae, Mama. Sisemi kutembea, nasema kukaa.

Mwanao,
Hamisa


Kurui, 21 Machi 2024

Mwanangu Hamisa,

Marahaba. Tunafunga salama, alhamdulillahi. Masikio yameshasusa, dawa imenitia kichefuchefu tu. Mwandiko usiucheke, ni wa ngumbaru, tumejifunza ukubwani.

Unachotaka wewe si mkeka, ni jamvi. Mkeka una rangi zake. Jamvi ni la kukalia watu, kwenye harusi, maulidi, msiba. Makubwa haya! Jamvi likiwa ukutani, wageni wakae wapi, darini? Lakini nitakusukia, miyaa ninayo na mikono bado haijasusa.

Hayo ya kuja kukaa nitayafikiria. Mbona hujaniambia majirani zako ni akina nani?

Mama yako,
Mwanamkuu


Kibaha, 22 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Poleni na pirikapirika za Idi. Majamvi yamefika, na yametundikwa! Aneth wa ofisini, yule anayepiga picha nyumba za watu na kuziweka mtandaoni, alipoyaona alipiga yowe. Anasema atakuja kuipiga picha nyumba yote.

Majirani wapo, kila mtu na geti lake. Upande wa kulia kuna mama mmoja na mumewe, watu wa Kilimanjaro nadhani. Tunapungiana mikono tukiwa kwenye magari.

Faraji nimeshaongea naye, atakupakia mwisho wa Julai. Usibebe vyombo, kila kitu kipo. Nahesabu siku kama mtoto.

Mwanao,
Hamisa


Kibaha, 14 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini umefika salama. Nimeamka nimekuta kitanda kimetandikwa, wewe hupo. Hata chai hukunywa.

Najua umekasirika, lakini na mimi nielewe. Narudi kazini nakuta kuta tupu, misumari tu imebaki. Nakutafuta, nakukuta uani kwa jirani, umeyatandika majamvi yangu chini kwenye kokoto, watu wamekalia, chai imeshamwagika juu ya moja. Na Aneth anakuja kesho yake asubuhi na kamera. Ningefanyaje? Sikugomba. Nilikuomba tu tuyarudishe.

Picha zimetoka nzuri. Moja nimekuwekea humu. Rudi basi, Mama. Nyumba imekuwa kubwa.

Mwanao,
Hamisa


Kurui, 2 Septemba 2024

Hamisa,

Marahaba. Afya ninayo. Picha nimeiona. Ni nzuri, ila hamna mtu ndani.

Yule mama anaitwa Elinipa. Mimi nimelijua jina lake kwa mchana mmoja, wewe hukuwahi kuuliza. Amefiwa na mume ukuta kwa ukuta na wewe, na asubuhi ile ulipita na gari. Kilio sikukisikia, lakini mlango wa msiba naujua kwa macho. Nimeingia nikakuta wanawake wamekaa kwenye kokoto, wengine wamesimama. Ndipo nikarudi nikashusha majamvi. Ruhusa ya nini? Jamvi la msiba haliombewi ruhusa, linachukuliwa kwa jirani yeyote aliye nalo. Ndivyo tulivyokulea.

Ukaja na viatu vyako vya ofisini, ukasimama mbele ya watu ukaonyesha kwa kidole. Maneno yako sikuyasikia, lakini nyuso za watu niliziona. Ikabidi nimwinue mfiwa. Mimi Mwanamkuu, nimemwinua mjane alipokaa ili nikunje jamvi! Na unajua alifanya nini? Alishika ncha ya pili, akanisaidia kukunja.

Nimelia njia nzima kwenye fuso, Faraji akadhani naumwa. Mtaa ule sitapita tena, nitamtazama kwa macho gani?

Mama yako


Kibaha, 24 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Sijui kama hii utaifungua. Yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Nimeona aibu, Mama, aibu ya kukosa usingizi.

Jumamosi ilikuwa arobaini kwa Elinipa. Nimeyashusha majamvi, nikajitwika mwenyewe mpaka kwake. Alinipokea vizuri sana. Akasema, "Asante dada, Mungu akubariki, ila viti tumeshakodi." Majamvi yakaegeshwa ukutani, yamefungwa vilevile.

Nikaenda nyuma kwenye masufuria, nikaingiza mikono. Dada mmoja akaniuliza, "Wewe mwenzetu umetokea wapi?" Nikamwonyesha paa langu, hapo hapo juu ya ukuta. Akasema, "Hee! Kumbe pale kunakaa mtu? Sisi tulijua ni nyumba ya wageni, ile ya kulipia."

Niliendelea kuosha tu. Walikuwa wanacheka kwa Kichaga, sijui walikuwa wananicheka mimi au mambo yao. Majamvi nimemwachia. Kuta sijazifunika tena, na Aneth nimeshamwambia asije tena na kamera.

Nisamehe, Mama. Njoo. Nitaomba likizo niwe nashinda na wewe.

Mwanao,
Hamisa


Kurui, 17 Novemba 2024

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu, korosho zimeanguka zote kwa mpigo na mgongo wangu huu unaujua. Sasa nimepumzika.

Nimekusamehe siku nyingi, mzazi hana ujanja. Nimecheka niliposoma umejitwika majamvi manne, na shingo yako hiyo ya ofisini. Halafu nikalia.

Lakini kuja kukaa, hapana. Si hasira, wallahi. Zile siku nilizokaa kwako ulikuwa ukitoka, naitazama ile mimea, mimea inanitazama. Kila kitu kizuri, nilikuwa naogopa hata kukiegemea. Jioni unarudi umechoka, tunakula, unalala. Hapa kwangu nikichelewa kufungua mlango watu wanaingia tu, wanajua hodi siisikii. Kwako nikianguka asubuhi, nitalala pale chini mpaka utoke kazini. Nisingekuambia haya, ila tangu niondoke umeniita mara mbili na mara ya tatu utaniumiza.

Kwa Elinipa endelea kwenda. Usibebe kitu, nenda mikono mitupu, kaa, mpaka siku akutume dukani. Akikutuma ujue amekupokea.

Na wewe usikae ukiningojea. Kile chumba changu kipangishe, mwanangu. Tafuta mtu mwenye watoto, tena wale watundu wa kuchora kuta, na usiwagombeze.

Mama yako anayekupenda,
Mwanamkuu