Bembea la Sabiri na Majimoto

Idarusi, Sabiri kaniua kwa kicheko leo!

Kafunga bembea lake la kulalia kwenye michungwa, kalizungushia chandarua, kakaza pande zote. “Mbu wa Kigombe nzima waje na nyundo, haingii hata mmoja!”

Kasahau michungwa ina majimoto, wale chungu wekundu wang'atao. Wakateremkia kamba mpaka ndani ya kikoi. Ndani ya kikoi, nakwambia!

Kakivua, kakitupa, anataka kuchomoka. Mara hodi! Mama mkwe wake, Bi Samiha.

Kajiviringisha kitambaa cha bembea, kabaki kichwa tu. “Shikamoo, mama!”

“Marahaba. Humo hamna wadudu?”

“Hata mmoja!”

“Hata mmoja?”

“Hata mmoja, mama!”

Bi Samiha katandika mkeka palepale, kasubiri chai.

Sasa Sabiri kavimba mgongo mzima, twampaka mafuta ya nazi. Bado abisha: hajang'atwa!